Saa Moja kwenye Mstari wa Tisa

Fundi,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini miaka kumi na moja sijawahi kukuanza bila shikamoo, na sioni kwa nini nikukosee adabu leo kwa sababu tu umekufa. Ungekuwapo ungejibu, "Marahaba, Mshambaa, teremka basi huko mlimani tufanye kazi," na mimi ningekukumbusha kwamba huko mlimani kuna maji, siyo kama kwenu Uzigua mnakooga kwa zamu. Sasa sina wa kumtania hivyo. Kijana fundi simu aliyechukua chumba chako ametokea Arusha, na kila nikimchokoza anadhani nimekasirika.

Nakuandikia kwa sababu nina jambo la kuungama na jambo la kushukuru, na yote mawili yametoka kwenye karatasi moja. Nitafika huko. Kwanza nikupe habari za hapa.

Handeni ni kavu kama ulivyoiacha. Bango lako la FUNDI SAA bado linaning'inia. Kijana wa simu alitaka kulishusha, nikamwambia akilishusha na mimi nitaacha kumtolea kopi, basi akaongeza kwa chini, kwa rangi nyekundu, NA SIMU. Meza yako nimeihamishia kwangu steshenari, kando ya mashine. Ile saa yako ya ukutani ya kutia ufunguo iko juu ya mlango, naijaza kila Jumatatu kama ulivyokuwa ukifanya, mizunguko kumi na nne, wala si kumi na tano. Mwezi uliopita alikuja mzee kutoka Mkata kuchukua saa aliyokuletea miaka mitatu nyuma. Hakuwa na habari ya msiba. Niliikuta kwenye kopo la vipuri, umeifungia kikaratasi chenye jina lake, na inatembea. Aliishika muda mrefu, akaniambia ilikuwa ya baba yake, kisha akakuombea dua pale pale mlangoni huku watu wakisubiri kopi.

Nilikuwa mtu wa kuogopa namba, Fundi. Hesabu ndiyo iliyonitoa shule kidato cha pili, na nilipofungua duka la kopi nilishukuru kwamba mashine inahesabu yenyewe. Kisha ukaingia wewe na karatasi ya daftari, umechora kwa rula vyumba tisa kwa tisa, namba chache zimetapakaa humo, ukataka kopi kumi. Nikakuuliza ni ratiba ya nini. Ulicheka mpaka lenzi ikakudondoka jichoni. Ukanieleza kwamba ni sudoku: kila mstari, kila safu na kila boksi la vyumba tisa linataka moja mpaka tisa, na namba isijirudie. Ulikuwa umeikuta kwenye magazeti ya zamani uliyofungia vipuri, ukazimaliza zote, ukaziona nyepesi, ukaanza kutunga za kwako na kuwagawia watu wa sokoni. Nikakwambia mimi hesabu sijui. Ukasema, "Hapa hakuna hesabu. Weka ndizi za aina tisa, nyie si mnazo?"

Nilikaa na lile jedwali siku nne. Siku ya nne nilipoandika namba ya mwisho nilitoka nje nikasimama barabarani sijui naenda wapi, kwa furaha tu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na ilikuwa mara ya kwanza namba kunitii. Asante. Sikuwahi kukwambia neno hilo kwa ajili ya siku ile, kwa hiyo nalisema sasa.

Nikataka kutunga na mimi. Unakumbuka jedwali langu la kwanza? Nilikuletea nikiwa nimevimba kichwa. Ulilipokea, ukaenda nalo, ukarudi nalo kesho yake umelijaza mara mbili, kwa namna mbili tofauti, na zote mbili sahihi. "Jibu ni moja tu," ukasema. "Yakiwa mawili umemdanganya mtu aliyekuamini." Nililia chooni, usifikiri nilikuwa ninanawa uso. Halafu ukanifundisha utaratibu wako: fumbo ukilitunga unalifumbua mwenyewe siku tatu tofauti, kila siku kwenye karatasi mpya, bila kuangalia ya jana, na bila kubahatisha hata chumba kimoja. Ndipo unampa mtu wa kuonja. Mimi nikawa mwonjaji wako na wewe wangu, na hakuna fumbo lililobandikwa kwenye mlango wangu bila kuonjwa.

Vijana wa bodaboda walikuwa wakilipiga picha na simu zao kabla gundi haijakauka. Wakalizoea upesi mno. Ndipo tukaanza kuongeza masharti. Lile la kwanza la kuongeza lilikuwa langu, na hukuacha mtu yeyote alisahau. Nilikusimulia njia ya kwetu Lutindi, kutoka bondeni mpaka misheni, jinsi nilivyoipanda nikiwa mtoto na mzigo kichwani na haina hata hatua moja ya kuteremka. Ukachukua kalamu, ukachora mstari mzito unaopita kwenye vyumba sita, ukasema basi namba zikifuata njia hii lazima zipande tu. Tukaliita Mpando. Kila mgeni ulimwambia, "Hilo ni la Naomi," hata pale ambapo kila kitu kingine kilikuwa chako.

Na lako likaja siku yule baba alipoleta saa ya binti yake anayesoma shule ya Kiingereza. Ulipoitengeneza ukamuuliza mtoto, ni saa ngapi? Mtoto akasema ni saba. Baba akamkaripia, ni saa moja, huoni? Mtoto akaonyesha mshale kwa kidole, saba, huyo hapo. Walibishana mpaka wakafika barabarani, na wewe ukabaki unacheka peke yako. "Wote wako sahihi, Naomi. Mshale unasema saba, mdomo unasema moja." Kesho yake asubuhi ulikuja na Fumbo la Saa. Kijiduara kidogo kati ya vyumba viwili, na sharti lake ni kwamba chumba kimoja ni cha mshale na kingine cha mdomo. Moja na saba. Mbili na nane. Tatu na tisa. Nne, tano na sita hazina mwenza, maana wenzao ni kumi, kumi na moja na kumi na mbili ambao hawaingii kwenye jedwali. Kwa hiyo ukiona saa, unajua hapo hakuna nne wala tano wala sita, na kutoka hapo unaanza kupumua. Nimetunga mengi tangu wakati ule, lakini sijatunga kitu chepesi kueleza na kigumu kufumbua kama hicho.

Sasa nifike kwenye karatasi.

Ulipolazwa Korogwe nilikuja mara moja, nikakukuta umekonda, mikono inatetemeka, na bado uliniuliza nani anaijaza saa ya ukutani. Wiki iliyofuata ulinipigia simu, saa nane mchana, duka limejaa wanafunzi. Ulisema una fumbo kichwani na mkono umekataa kuchora, niandike wewe ukitaja. Niliwatoa wanafunzi wote. Ulitaja taratibu: saa iko kati ya chumba hiki na hiki, Mpando unaanzia hapa na kuishia pale, mstari wa pili chumba cha sita weka nne. Nami nikaandika. Mtandao ulikuwa unakatika, ukawa unarudia. Ulipofika mwisho ulisema, "Mstari wa tisa, chumba cha tano, weka saa moja." Nikasema nimesikia. Ukarudia, "Saa moja. Saa moja, Naomi." Nikasema nimesikia vizuri, Fundi. Nikaandika moja. Ukasema, "Mlango ni huo mmoja, na ni wa Kiswahili." Simu ikakatika. Siku mbili baadaye nikapata taarifa.

Baada ya mazishi nilijifungia na lile fumbo kama mtu anayekaa na wewe. Halikufumbuka. Lilikuwa linakwenda vizuri sana, mkono wako ulikuwa unaonekana kila mahali, kisha kwenye boksi la mwisho kulia chini kinabaki chumba kimoja ambacho hakiwezi kupokea namba yoyote. Nilifuta, nikaanza upya. Nikasema labda nilisikia vibaya. Nikabadilisha nne kuwa tisa, nikahamisha saa chumba kimoja kushoto, nikaupindua Mpando. Nilikagua kila kitu ulichokitaja isipokuwa ile moja ya mstari wa tisa, kwa sababu ile ulirudia mara tatu na niliisikia vizuri.

Hapa ndipo ninapoungama. Niliamua kwamba akili zilikuwa zimeshakutoka. Sikumwambia mtu, lakini niliamini hivyo. Nililikunja fumbo nikalitia chini ya rimu za karatasi, na vijana wa bodaboda waliponiuliza kama Fundi aliacha la mwisho, niliwajibu kwamba hukuacha. Niliona ninakusitiri. Nisamehe, Fundi.

Kisha ikaja arobaini, kule kwenu Sindeni. Nilivaa khanga kichwani nikakaa na wanawake jikoni, nikachambua mchele mpaka macho yakauma. Walipoondoka watu wa kisomo, Mama Mwanahamisi alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Unajua mkeo si mtu wa maneno mengi. Alinisimulia jambo ambalo wewe hukuwahi kunisimulia kwa miaka yote ile: kwamba mlipokuwa vijana aliwahi kuondoka kwako miaka miwili, akarudi, ukampokea, ukamwekea maji ya kuoga, na hukumfokea wala hukumwambia umemsamehe. Aliishi na wewe maisha yote akisubiri moja ya hayo mawili. Na siku ile hospitalini, mchana, ulimgeukia ukamwambia, "Mwanahamisi, nimekuridhia, duniani na akhera."

Akaniuliza, "Mwanangu, wewe uliongea naye siku ile ile kwenye simu. Alikuwa anajitambua?"

Nikamuuliza kwa nini anauliza. Akasema, "Kwa sababu dakika chache baada ya kunipa radhi alishika simu akaanza kusema saa moja, saa moja, na ilikuwa saa nane ya mchana, jua lote lile dirishani. Nikamwambia, baba, sasa ni saa nane. Akanipungia mkono ninyamaze, akaendelea, saa moja. Kama hakujua ni saa ngapi, atakuwa alijua anamridhia nani?"

Mimi nilikuwa na fumbo lisilofumbuka chini ya rimu zangu. Nilimwambia, "Sijui, Mama." Nilimwona alivyokubali, akatikisa kichwa taratibu, akaenda kuosha sufuria. Nilirudi Handeni jioni ile nikiwa sijawahi kujichukia hivyo.

Ilikuwa Jumatatu, wiki ya tatu baada ya hapo. Nimefungua duka, nimepanda kiti, natia ufunguo saa yako, mzunguko wa tisa au wa kumi. Mama mmoja muuza maandazi akapita na ndoo yake, akaniuliza bila kusimama, "Dada, saa ngapi?" Mimi nimekodolea mshale, uko mbele ya pua yangu, uko kwenye saba. Nikamjibu, "Saa moja."

Sikumalizia mizunguko. Niseme ukweli, nilishuka kwenye kile kiti vibaya na goti linaniuma mpaka leo. Hukuniambia niweke moja. Zingine zote ulisema weka nne, weka mbili, na hii peke yake ukasema weka saa moja. Ulitaka nichore saa ndani ya chumba, na mshale wake uko wapi kila mtu hapa anajua, ila mimi niliyejifanya nimesikia vizuri. Mlango wa Kiswahili ndio huo. Nilirusha zile rimu, nikatoa karatasi, nikafuta moja, nikaandika saba. Nilifunga duka, nikalifungua tena saa nne. Wateja walinisema sana, na nilikuwa nalia huku nawapa karatasi zilizotoka mshazari.

Lilifumbuka, Fundi. Jibu ni moja. Lile boksi la kulia chini lilijifunga lenyewe, na Mpando wa vyumba sita ulipanda kutoka mbili mpaka tisa bila kuteleza, na kila saa ilimpata mwenza wake. Umelitunga kwa kichwa, kitandani, bila kalamu. Nililifumbua siku tatu tofauti kwenye karatasi mpya, kama ulivyonifundisha, maana sikutaka kwenda Sindeni na kitu ambacho hakijaonjwa.

Siku ya nne nilichukua bodaboda. Nilimkuta Mama anapukuchua mahindi. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikamtandikia karatasi, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo, vyumba, mistari, mshale na mdomo. Nilieleza vibaya kwa sababu nilikuwa na haraka. Nikamwambia kwamba mtu ambaye akili zimemtoka hawezi kushika vyumba themanini na kimoja kichwani na asikosee hata kimoja, kwamba lile saa moja, saa moja lilikuwa kazi, na kwamba aliyekosea ni mimi, niliandika moja mahali pa saba.

Aliweka gunzi chini. Akasema, "Mshale kwenye saba si ndiyo saa moja?"

Nikasema ndiyo, Mama.

"Na wewe umekaa nalo miezi yote hiyo." Akanitazama toka juu mpaka chini. "Kusoma mmesoma nyie. Mngeniuliza mimi."

Alicheka, Fundi. Alicheka mpaka akashika ubavu, na mimi nikacheka, kuku wakakimbia. Halafu kicheko kikageuka katikati, akajifunika uso na khanga, akawa anasema jambo moja tu, tena na tena, "Alikuwa mzima. Alikuwa mzima." Nilimshika mabega. Tulikaa hivyo mpaka jua likahamia upande wa pili wa mkeka, na dereva wangu wa bodaboda akaja kuuliza kama kuna msiba mwingine.

Nilipoaga aliniomba ile karatasi. Hajui kusoma, unajua, lakini alikuwa mke wa fundi saa na mishale anaisoma hata kwa mbali. Aliikunja mara nne akaitia kwenye kijaluba chenye saa yako ya mkononi. Akaniambia, "Nitungie na mimi. Usiweke namba."

Basi hiyo ndiyo kazi niliyonayo mezani kwako sasa. Fumbo zima bila namba hata moja. Kila kinachotajwa kimechorwa saa, na mshale mmoja tu, ili asome mwenyewe. Nimeshaliharibu mara mbili, mara ya pili lilikuwa na majibu mawili na nilisikia sauti yako kabisa. Nakuahidi sitampelekea mpaka niwe nimelifumbua siku tatu. Nakuarifu pia kwamba la mwisho lako nimelibandika mlangoni kama ulivyotaka, na kwenye mstari wa tisa, chumba cha tano, nimechora saa kwa mkono wangu. Vijana wa bodaboda wanalihangaikia wiki ya pili hii. Sijawaambia kitu.

Asante kwa namba. Asante kwa kuniamini na fumbo ambalo ulijua hutakuwapo kuniambia nimekosea wapi. Pumzika, Fundi Mhando. Nilikuwa na shaka na wewe na imeniisha.

Naishia hapa kwa sababu mshale uko kwenye saba na watu wameshafika mlangoni.

Mwonjaji wako,
Naomi